Duka lisilo na kibao: vitabu, kadi na picha katikati ya Lubumbashi

Duka ninalolitathmini hapa halina kibao mlangoni, na kwa mtu anayejipatia riziki kwa kuchora vibao vya maduka ya wenzake, kasoro hiyo ilinikera tangu siku ya kwanza. Liko katikati ya Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Posta, limebanwa kati ya kinyozi na kijana anayeuza vioo na vifuniko vya simu, na watu wa barabara hiyo hulitaja kwa mwenyewe tu: kwa mama wa picha. Nilipojitolea kumchorea kibao bila kudai malipo ya kazi, yeye anunue rangi tu, alinijibu kwamba kibao huwaita watu wa kodi kabla hakijawaita wateja, na kwamba wateja anaowataka ni wale walioingia kwa sababu wameona kitu dirishani. Nimekuwa nikienda pale kwa karibu mwaka mzima, mara nyingi Jumamosi kabla ya saa sita, na nadhani nimeliona duka hilo katika siku zake njema na mbaya kiasi cha kuweza kulipima kwa haki.

Ni vyema msomaji ajue kwanza kilichonipeleka. Ninabuni na kuchapa kadi za harusi, programu za misa za matanga, na vibao vya saluni na maduka ya dawa, katika chumba kimoja kilichopo komini ya Kenya (komini yetu hiyo, si nchi ya jirani, na ndugu zetu wa Nairobi wakija hucheka sana wakiona basi limeandikwa hivyo). Kwa miaka mingi mapambo ya kadi zangu yalitoka kwenye simu: waridi, utepe wa dhahabu, njiwa wawili waliogusanisha midomo. Mteja alikuja na picha kwenye simu yake, mimi nikaitafuta kwenye yangu, tukaafikiana. Mambo yalikwenda hivyo mpaka harusi mbili za parokia moja zikaangukia Jumamosi moja, zote kadi zangu, na tofauti pekee ilikuwa majina. Mama wa bibi harusi wa pili alikuja na kadi moja, akailaza kifudifudi mezani kwangu, akatoka bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo nilitafuta mahali pa kwenda kuangalia vitu ambavyo mteja wangu hana kwenye simu yake, na baada ya kupita penye maduka mawili matatu ambayo hayahitaji kutajwa, nikaingia hapa.

Ni chumba kimoja chembamba na kirefu. Vitabu viko kushoto, picha ziko kulia, na mwishoni kuna meza ambapo kijana mmoja anakata mbao na kutia fremu, hivyo unaingia ukipokewa na harufu ya gundi na vumbi la mti kabla hujasalimiwa. Vitabu karibu vyote vimekwisha kusomwa na watu wengine: sheria, dini, vitabu vya shule vya Kifaransa, riwaya zenye kurasa za manjano, na furushi la majarida ya ujenzi na mapambo ya nyumba ya miaka ambayo wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Siku ya kwanza nilisimama katikati kama mtu aliyepotea, nikauliza bei ya jarida moja kwa haraka ili nisionekane mzururaji. Mama hakunitajia bei. Alisema, kwa Kiswahili chetu cha hapa, "Angaria kwanza, papa. Kuangaria haina franga," akaendelea kupanga bahasha zake. Sijawahi kuharakishwa pale tangu siku hiyo, hata zile Jumamosi nne mfululizo nilizotoka mikono mitupu.

Kinachonirudisha duka hili ni sanduku la viatu lililo karibu na mlango. Ndani yake mna kadi za posta na picha za zamani za mji, nyingine za wakati ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, jina lililobaki mpaka 1966, na nyuma ya kila moja mwenye duka amebandika kipande cha karatasi alichokiandika kwa penseli, kwa Kiswahili. Maandishi hayo hayaelezi historia, bali yanakupa kazi ya kufanya. Kadi ya kwanza niliyoinunua inaonyesha barabara pana ya miaka ya 1950, yenye magari ya mgongo wa kobe na miti ambayo bado ni fito, na nyuma yake pameandikwa: "Nyumba ya tatu kushoto ingali pale. Angalia matundu ya hewa."

Nilikwenda mchana uleule. Nyumba ya tatu kushoto sasa inauza magodoro, na bango la magodoro limefunika nusu ya ukuta, lakini juu ya bango, mahali ambapo nimepita chini yake maisha yangu yote, kuna safu za matofali ya saruji yaliyotobolewa ili hewa ipite: duara ndani ya msambamba, msambamba ndani ya mraba, safu tano kwa tisa, na tofali moja pembeni limegeuzwa vibaya na fundi aliyekuwa na haraka. Nililipiga picha ukuta huo kwa simu na nyumbani nikauchora upya kwa rula. Umekuwa ukingo wa kadi tatu za harusi mpaka leo, na katika mojawapo niliacha kwa makusudi umbo moja lililogeuka, kama lilivyo pale ukutani. Hakuna mteja aliyeliona, isipokuwa fundi mwashi mmoja mzee aliyekuwa mwalikwa, ambaye alikuja hadi Kenya kuniuliza kama ile ni nyumba anayoifikiria yeye.

Kwa njia hiyohiyo nilielekezwa kwenye jengo la zamani la michezo ya kuigiza, la 1956, ambalo leo tunaliita Bâtiment du 30 Juin. Lilijengwa na kikundi cha wasanifu kilichoongozwa na Claude Strebelle, na kikundi hicho kilijiita Yenga, yaani "jenga" kwa matamshi ya huku kwetu, tunaosema kuyenga nyumba na kuyua habari. Nilikuwa nimelipita jengo hilo mara elfu nikiwa na karatasi za kupigwa muhuri, bila kujua kwamba wabunifu wake wa kigeni walitafuta jina la kazi yao katika mdomo wa mji. Kwa mbuni wa kadi hilo ni funzo dogo lakini la faida: tangu hapo ninamwuliza mteja neno gani linatumika nyumbani kwao kabla ya kuandika "mnaalikwa kwa heshima kubwa."

Upande wa kulia, ule wa picha za kuchora, unahitaji muda zaidi, na mtu asiuingie akiwa na njaa. Zipo picha za aina ambayo wachoraji wa mji huu na wateja wao waliiita ukumbusho, ambazo katika miaka ya 1970 zilitundikwa sebuleni mwa wafanyakazi wa migodi, wa reli na wa ofisi: mamba muntu mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, wafungwa wa enzi ya koloni katika nguo za mistari, mzungu amesimama kando, na ile iitwayo Inakale, ambamo mtu amekwama kati ya simba, nyoka na mamba, asijue pa kukimbilia. Nyingi zilichorwa juu ya magunia ya unga yaliyonyooshwa kwenye fremu, na katika duka hili unaruhusiwa kugeuza picha uone mgongo wake, jambo ambalo makumbusho hayawezi kukuruhusu.

Mchoraji ambaye mwenye duka humtaja kwa sauti ya chini kidogo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima kwa picha zaidi ya mia moja, zikanunuliwa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu chetu. Habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha yake ya asili haimo dukani, wala mama hadai kuwa nayo. Kuna kitabu chenye picha zake, kilichochakaa, ambacho hakiuzwi na husomwa palepale juu ya kigoda. Nilichokifuata humo ni maandishi. Tshibumba aliandika ndani ya picha yenyewe, akaupa mstari wa maneno nafasi kama anavyompa nafasi mtu au gari, na herufi zake zina uzito wa mtu anayetaka zisomeke kutoka upande wa pili wa chumba. Mimi ninayepigana kila siku na herufi za kompyuta nilikaa pale saa nzima nikinakili herufi zake kubwa kwenye daftari, na kibao cha saluni nilichokifanya wiki iliyofuata ndicho cha kwanza kwa miaka mingi nilichokichora kwa mkono.

Katika rafu iliyo chini ya picha hizo kuna vitabu na nakala za kuchapwa za wachoraji wa karakana iliyoanzishwa hapa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, iliyokuja kujulikana kwa jina la Hangar. Wanaotajwa zaidi ni watatu. Pilipili Mulongoy alijaza samaki, ndege na majani mpaka pasibaki nafasi ya kupumua. Bela Sara alitumia ncha za vidole, ukisogea unaona karibu alama za ngozi yake. Mwenze Kibwanga alijenga kila kitu, mtu na mnyama na ardhi, kwa vistari vifupi vinavyokwenda sambamba, kama mtu anayefuma mkeka. Huyu wa tatu ndiye aliyenipa kazi. Mashine yangu ya kuchapia ni ya rangi mbili tu na rangi pana hutoka na mabaka, lakini vistari vyembamba hutoka safi. Nikajaza umbo la ndoo ya maji kwa vistari vya namna hiyo kwenye programu ya misa ya matanga ya bibi mmoja aliyeuza maji maisha yake yote, na familia ikaomba nakala nyingine baada ya maziko. Siuiti mtindo huo wangu. Nyuma ya programu niliandika jina la Mwenze kwa herufi ndogo, na padri akaniuliza kama ni ndugu wa marehemu.

Jambo moja ninalomsifia mwenye duka bila kusita ni uaminifu wake kuhusu nakala. Mjini humu kuna vijana hodari wanaoiga picha za wazee hao, na wauzaji wengine huziacha wiki kadhaa karibu na jiko la makaa zipate umri. Hapa kila nakala imefungwa uzi mwekundu kwenye msumari wake, na ukiuliza unaambiwa imechorwa lini na kwamba mchoraji wake yu hai na anahitaji kulipwa.

Sasa kasoro, maana zipo. Ya kwanza ni misalaba ya shaba. Najua umuhimu wake: ilikuwa fedha ya watu wa huku muda mrefu kabla ya faranga, imekutwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga, jimbo la huku lililojitenga mwaka 1960. Lakini duka limeitundika kila mahali, kwenye fremu, kwenye alamisho za vitabu, hata kwenye mifuko ya karatasi, kama vile hakuna umbo lingine lililowahi kubuniwa kusini mwa nchi hii. Mjini humu benki inaiweka, kanisa linaiweka, muuza kuku anaiweka. Duka linalofundisha macho kuona upya lingeweza kuyapumzisha na umbo hilo angalau ukuta mmoja.

Ya pili ni nzito zaidi. Chini ya meza ya fremu kuna sanduku jingine, la picha zilizobaki katika studio zilizofungwa: bwana aliyeshika redio, wasichana wawili wa kitambaa kimoja, mtoto wa komunyo mbele ya pazia lililochorwa ngazi. Zinauzwa faranga elfu mbili kila moja. Ni nzuri kupita kiasi, na wabunifu vijana huzinunua kwa mafungu, lakini watu hao wana watoto na wajukuu katika komini za Katuba na Ruashi, na hakuna aliyewauliza. Siku moja nikiwa pale mwanamume mmoja aliyekuja kutengenezewa kioo aliitupia jicho picha iliyokuwa mikononi mwa mteja mwingine, akamwona shangazi yake. Mama alimpa picha hiyo bila malipo, akamfungia kwa karatasi safi, na akaomba radhi vizuri. Hata hivyo sanduku limebaki palepale. Nimemwambia maoni yangu mara mbili, mara ya pili alisema, "Ningezichoma, papa?" na sikuwa na jibu.

Namna nyingine ya kutumia picha za wafu ninaijua kutokana na Sammy Baloji, mwana wa mji huu aliyezaliwa 1978, ambaye katika mfululizo wake wa mwaka 2006 alichukua watu kutoka picha za kumbukumbu za enzi ya koloni, wafanyakazi na mabwana zao, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyonyamaza ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Yeye na wenzake ndio walioanzisha mwaka 2008 tamasha la sanaa la kila miaka miwili chini ya jina Picha, na duka hili huweka katalogi za zamani za matamasha hayo pindi zinapopatikana. Nilinunua moja iliyolowa pembeni. Tangu niisome siwezi tena kulitazama dohani la kiwanda na kilima cheusi cha masalia ya shaba kama alama ya kuweka juu ya kalenda tu, hasa kwa kuwa kilima chenyewe kinachimbwa upya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti.

Kasoro ya tatu si ya duka peke yake. Mji huu unagombana, unabembeleza, unapanga bei na kuzika kwa Kiswahili, lakini rafu ya Kiswahili dukani inatoshea mikononi: Biblia, vitabu vya nyimbo, na fotokopi iliyotiwa waya ya andiko ambalo André Yav alilikusanya mwaka 1965 kwa niaba ya wazee waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, likisimulia mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe, kisichofuata kanuni za pwani. Nililisoma andiko hilo kwa sauti nyumbani na mama mkwe wangu akaacha kuchambua mboga, akauliza ni nani huyo anayesema kama baba yake. Kwamba kitu cha namna hiyo kinapatikana dukani kwa fotokopi tu, na ukurasa wa kumi na nne umekatwa nusu na mashine, ni aibu ambayo sijui nimpelekee nani.

Kuhusu mengine nitasema kwa kifupi. Bei hazijaandikwa, na hilo humwogopesha mgeni bila sababu, maana mama hapandishi kwa kuangalia viatu vya mtu. Kadi ya posta ni faranga elfu tatu, vitabu vingi huanzia elfu kumi. Umeme ukikatika upande wa picha huwa giza totoro, hivyo nendeni asubuhi, jua likiingia mlangoni. Jumatatu hufunguliwa kijana akitaka. Fremu zake ni imara, kona zinakutana sawasawa, ila huahidi siku tatu na hutoa baada ya kumi, na nimejifunza kumwambia harusi ni wiki moja kabla ya tarehe yake halisi. Mama hapokei malipo ya kadi ya benki, pesa za simu anazipokea. Choo hakuna, kinyozi wa jirani ni mwungwana.

Ningependa kuona siku moja vile vipande vya karatasi vya penseli vikichapwa vizuri na kukusanywa, na nimejitolea kuifanya kazi hiyo kwa gharama ya karatasi tu. Amesema atafikiria, kwa sauti ileile aliyoitumia kuhusu kibao. Wakati akifikiria, kuna mchoro mmoja wa jakaranda na baiskeli iliyoegeshwa chini yake, bila uzi mwekundu, ambao nimeulipia mafungu mawili kati ya manne. Ameugeuza uso ukutani ili wengine wasiuulize bei, na kila Jumamosi huniruhusu kuugeuza kwa dakika chache, kisha ninaurudisha kama ulivyokuwa.